Jicho la Karani na Jicho la Mchoraji

Kuizungumza picha redioni ni jambo linalofanana na kumwalika mgeni, kumketisha barazani, kuiacha harufu ya pilau imfikie kutoka jikoni, kisha sahani usimletee. Kwa maana picha ni chakula cha macho, na redio, pamoja na fadhila zake zote, haina ila sauti. Hata hivyo nimeazimia jioni ya leo nikuzungumzieni picha moja, na udhuru wangu ni huu: kwamba aliyeichora amelificha ndani yake lile lile jambo alilokusudia kulionyesha, hata wengi waliosimama mbele yake na macho yao mawili mazima wameondoka bila kuliona, na kwa hiyo huenda aliyesimuliwa kwa utaratibu akaipata vyema kuliko aliyeipitia mbio.

Picha hiyo imo katika Makumbusho ya Kifalme ya Sanaa mjini Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, nayo ilinunuliwa mwaka 1902. Imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya ubao wa mwaloni, na ukubwa wake ni kama wa meza ya kulia watu sita: upana sentimita 164 na ushei, kwenda juu sentimita 116 hivi. Mchoraji ni Pieter Bruegel, Mflemi, yule aitwaye Mkubwa ili asichanganywe na mwanawe aliyerithi jina na kazi, na mwaka alioutia ubaoni pamoja na sahihi yake ni 1566. Jina la picha ni Sensa ya Bethlehemu, na kisa chake kinatoka katika sura ya pili ya Injili ya Luka, pale Kaisari Augusto wa Rumi alipotoa amri watu wote wa milki yake waandikwe, kila mtu katika mji wa asili yake. Ndipo Yusufu, kwa kuwa alikuwa wa ukoo wa Daudi, akatoka Nazareti akapanda kwenda Bethlehemu pamoja na Mariamu mchumba wake, naye ni mjamzito, siku zake zimekaribia.

Mimi nakala yangu niliipata katika kitabu kikuukuu cha picha, karatasi zake zimepiga manjano, na nakiri mbele yenu kwamba jioni ya kwanza nilipoifungua niliitafuta ile familia nisiione. Niliona kijiji, niliona theluji, niliona watu wengi kama siku ya gulio. Yusufu na Mariamu sikuwaona. Ikasadifu kwamba jirani yangu, fundi seremala, mzee aliyetoboa na kuranda mbao tangu ujana wake, alikuja kunidai salio la kitanda, nikamwonyesha kile kitabu, labda kwa nia ya kumsahaulisha deni. Hakuwa ameambiwa picha inahusu nini. Aliinamia ukurasa kitambo kidogo, kisha akakiweka kidole chake chenye kovu juu ya mtu mmoja mwenye kofia pana upande wa chini, akasema, “Maalim, huyu hapa ni mwenzangu.” Nikamwuliza amejuaje. Akanijibu, “Si huu msumeno begani? Na msumeno mkubwa namna hii haubebwi na mtu anayekwenda kutembea. Huyu amehama na kazi yake. Hata huko aendako anajua atatakiwa kulipa.” Nikatazama nyuma ya yule mtu, na hapo nikamwona bibi aliyejifunika joho la buluu, ameketi juu ya punda, na ubavuni mwa punda yuko ng’ombe. Hao ndio waliokuwa wakitafutwa.

Sasa wasikilizaji, na tuizunguke picha yenyewe polepole. Mchoraji ametusimamisha mahali pa juu, mithili ya mtu aliyeegemea dirisha la orofa, na chini yetu kimelala kijiji kizima katika alasiri ya majira ya baridi. Ardhi yote ni nyeupe, paa zote ni nyeupe, na mto umeganda ukawa barafu, mashua zimenaswa humo haziendi mbele wala nyuma. Nyuma ya matawi makavu ya mti mrefu linaonekana jua jekundu linalotua, duara dogo lisilo na joto, nasi twafahamu kwamba muda si mwingi giza litaingia na baridi itazidi kuuma. Pembeni zimebaki kuta za ngome iliyobomoka; kwa mbali watu wenye mizigo mgongoni wanavuka barafu kama siafu; na karibu kabisa na kitovu cha picha, pale ambapo mchoraji mwingine angaliliweka jambo lake kubwa, Bruegel ameweka gurudumu la gari, limesimama katika theluji, halina shughuli na mtu.

Upande wetu wa kushoto ipo nyumba ya wageni. Mlangoni pake limetundikwa shada la majani mabichi, alama ya nyumba inayouza kileo, na dirishani pake umati umesongamana, mabega kwa mabega, kila mmoja akinyoosha shingo ili zamu yake isipite. Ndani ya dirisha wameketi wakuu wa kodi. Mmoja anapokea fedha, mwingine ameinamia daftari anaandika. Ukutani, kando ya dirisha hilo, umebandikwa ubao wenye tai wa vichwa viwili, alama ya ukoo wa Habsburg, ambao ndio ulioitawala nchi ya Waflemi siku Bruegel alipokuwa hai. Hebu tuizingatie hila ya mchoraji huyu: Injili inasema familia ile haikupata nafasi katika nyumba ya wageni, lakini haisemi kwa nini, naye Bruegel, bila kuongeza neno hata moja, ametuonyesha sababu. Nyumba ya wageni imegeuzwa afisi ya kodi. Waliotakiwa wapumzike humo wamekuja kufungulia mikoba yao dirishani, na aliyewaita kutoka mbali kwa amri ndiye huyo huyo aliyeijaza nyumba wasipate pa kulala.

Mbele ya nyumba hiyo kuna nguruwe anachinjwa. Nasema haya kwa kuwaomba radhi wasikilizaji wetu Waislamu, na ningeomba radhi vile vile kwa Wayahudi wa Bethlehemu ya kweli, kwani mnyama huyo kwao pia ni najisi, na katika kijiji chao asingechinjwa hadharani namna hii. Lakini kwa ushahidi huu wa nguruwe mchoraji anatuambia waziwazi kwamba Bethlehemu yake haiko Palestina. Iko Flanders, katika majira ambapo kila mkulima wa huko mwenye nguruwe alimchinja na kumtia chumvi, ili nyama imfikishe katika majira ya kuchipua. Mwanamke mmoja ameshika kikaango kukinga damu, kwa kuwa damu nayo ni chakula na maskini hamwagi kitu. Kuku wanadonoa chini. Na watoto wako karibu, wanangoja. Kila mwenye kujua kijiji, kiwe cha theluji au cha minazi, atamtambua yule mwanamke: amekaza macho katika chombo chake, na hata Kaisari mwenyewe akipita nyuma yake leo hageuki.

Upande wa kulia, juu ya barafu, watoto wanacheza. Wengine wanateleza, wengine wanachapa pia, wengine wanarushiana madonge ya theluji, na furaha yao haina habari na foleni iliyoko ng’ambo wala na mikoba inayopungua uzito dirishani. Na hapo hapo upande wa watoto, pamejengwa kibanda duni chenye msalaba juu ya paa, ambacho wafafanuzi husema ni makao ya mwenye ukoma, aliyetengwa kwa mujibu wa desturi za wakati huo, akaruhusiwa kuombaomba kwa sharti asiwakaribie wazima. Kwa hiyo mchoraji, katika ubao mmoja, amekusanya mtoza kodi na mtoa kodi, mchinjaji na mla nyama, mtoto na mgonjwa, mjenzi anayesimamisha boriti za nyumba mpya na ngome iliyokwisha kuanguka, na hakuna katika hao wote aliyepewa sura ya kujazia nafasi tu. Kila mmoja ana kazi yake, mzigo wake, namna yake ya kuikunja shingo kwa baridi.

Katikati ya halaiki hiyo ndimo inamopita familia yetu. Yusufu ametangulia, msumeno begani, kofia yake imemfunika uso hata hatujui ana umri gani wala ana huzuni kiasi gani. Mariamu amejikunyata juu ya punda, joho limemzunguka mwili na mimba yake isionekane ila kwa anayejua. Hapana nuru iliyozunguka kichwa chake, hapana malaika juu yake, wala hapana mtu hata mmoja, katika umati wote ule, aliyegeuka kuwatazama. Wachoraji wengi wa Kizungu kabla ya Bruegel na baada yake waliichora familia hii katikati ya ubao, kwa dhahabu na mwanga, watazamaji wengine wote wamepiga magoti. Lakini huyu ameiacha iingie kijijini kama inavyoingia familia yoyote maskini iliyochelewa, ikiikabili foleni ambayo haijajua itaisha saa ngapi.

Hapa yafaa niseme neno juu ya wale wanyama wawili. Ukiisoma Injili ya Luka yote hutamkuta punda wala ng’ombe katika kisa hiki. Wao waliingizwa na mapokeo ya Wakristo wa zamani, yaliyoegemea aya moja ya mwanzo wa kitabu cha nabii Isaya, ambamo nabii analaumu kwamba ng’ombe humjua mwenyewe na punda huijua hori ya bwana wake, ilhali taifa la Mungu halijui. Bruegel bila shaka aliijua maana hiyo, na kwa hiyo kuwepo kwa wanyama wale katika picha yake ni laumu ya kimya: viumbe wasio na akili wamesogea ubavuni mwa Mariamu, na wanadamu wenye akili wamempa mgongo. Wasikilizaji wa Kiislamu nao watakumbuka kwamba katika Sura ya 19 ya Kurani, ile iitwayo kwa jina la Maryam, bibi huyu anaelezwa amejitenga mahali pa mbali, na uchungu unamshika chini ya shina la mtende, peke yake. Kule upweke wake ni wa jangwani, mahali pasipo na watu. Katika ubao wa Bruegel upweke ni ule ule, ila watu wamejaa tele. Na mimi naona kwamba upweke wa namna hii ya pili ndio mchungu zaidi, kwa sababu msaada uko umbali wa hatua tano na haujui kwamba unahitajiwa.

Pieter Bruegel alikuwa mtu wa namna gani, hata akawa na macho ya namna hii? Aliingia katika chama cha wachoraji wa Antwerp mwaka 1551, akiwa amekwisha kufuzu ufundi wake. Baadaye akasafiri hadi Italia, akavuka milima ya Alps na kuichora. Aliporejea akafanya kazi ya kutunga michoro kwa ajili ya mchapaji Hieronymus Cock wa mji ule ule. Na mwaka 1563 akaoa na kuhamia Brussels, ambako alifariki mwaka 1569. Mwandishi Karel van Mander, aliyetoa kitabu cha maisha ya wachoraji mwaka 1604, anasimulia kwamba Bruegel na rafiki yake mfanyabiashara, Hans Franckert, walikuwa wakivaa nguo za wakulima wakaenda arusini vijijini, wakachukua na zawadi mikononi kama wageni wengine, na walipoulizwa ni akina nani wakajidai kuwa jamaa wa bwana arusi au wa bibi arusi. Kwa nje hiki ni kisa cha kuchekesha. Lakini kitazameni vizuri. Karani wa Kaisari huenda kijijini kuuliza mmoja mmoja, wewe ni mtu wa nani, ili apate kuandika. Mchoraji huyu alikwenda kijijini na jibu lake mkononi, mimi ni mtu wenu, akakaa, akala nao, akatazama wanavyocheza na wanavyoshika kijiko. Wote wawili walirudi na habari za watu wale wale. Mmoja aliziandika daftarini, wa pili akazichora ubaoni, na sisi leo, baada ya karne nne na zaidi, twajua ni ipi kati ya hizo iliyobaki hai.

Ufundi wenyewe nao una mafunzo. Wachoraji wa Flanders walikuwa wakiuandaa ubao wa mwaloni kwa kuupaka chokaa iliyochanganywa na gundi ya wanyama, wakausugua hata ukawa laini kama yai, na baada ya kuichora michoro ya awali ndipo wakaweka rangi zilizosagwa na kuchanganywa na mafuta ya kitani, tabaka juu ya tabaka. Mafuta hayo hukauka polepole, na kwa hiyo humpa fundi nafasi ya kurudi, kulainisha, kuongeza wembamba wa tawi au mkunjo wa leso. Bruegel alizipaka rangi zake kwa wembamba mno, hata weupe wa chokaa ya chini ukasaidia kung’aza picha kutoka ndani. Na juu ya weupe huo wa theluji kila mtu anajitokeza waziwazi kama herufi ya wino juu ya karatasi. Kana kwamba mchoraji amefungua daftari lake mwenyewe, kubwa kuliko la dirishani, na amewaandika humo watu wote wa kijiji kwa miili yao, mbio zao na mizigo yao, badala ya majina yao na deni lao.

Wala hatuwezi kuupitia mwaka 1566 bila kusimama, kwa kuwa ulikuwa mwaka mzito katika nchi zile. Mfalme Philip wa Pili wa Uhispania alikuwa akizitawala kutoka mbali kwa mkono wa dada yake, Margaret wa Parma, aliyekaa Brussels. Waliojitenga na Kanisa la Kirumi walikuwa wakiadhibiwa vikali. Na majira ya baridi ya mwaka mmoja nyuma yalikuwa makali kupita kiasi. Mwezi wa Aprili 1566 makabaila wa nchi walimwendea Margaret na ombi la kupunguziwa adhabu hizo, na mwezi wa Agosti umati wa watu ukaingia makanisani, ukavunja sanamu na kuharibu picha za dini, na jioni ya tarehe 20 ya mwezi huo kanisa kuu la Antwerp likaharibiwa. Mwaka uliofuata mfalme akamtuma Mtemi wa Alba pamoja na jeshi. Na mwaka 1569, mwaka ule ule aliofariki Bruegel, Alba akadai sehemu moja katika kumi ya thamani ya bidhaa zinazouzwa. Watu wa Flanders, kwa hiyo, hawakuhitaji kuelezwa yule tai wa vichwa viwili ukutani ana maana gani, kama ambavyo wazee wetu waliotozwa kodi ya kichwa, wakaitunza stakabadhi kwenye kibweta kuliko hirizi, hawakuhitaji kuelezwa bendera iliyopepea juu ya boma. Lakini simwoni Bruegel kuwa mtu wa kutunga hotuba za siasa kwa brashi. Makarani wake dirishani hawana sura za kikatili. Ni watu wenye baridi, wanaotaka kumaliza kazi wakale. Shutuma yake, kama ipo, ni nyepesi na ndiyo maana inachoma: watu hao hawamchukii Mariamu, hawamwoni tu.

Alipotaka kuonyesha ukatili wenyewe alichora picha ndugu ya hii, iliyoko leo katika hazina ya ufalme wa Uingereza, ya kuuawa kwa watoto wa Bethlehemu kwa amri ya Mfalme Herode. Kijiji ni kama kile kile, theluji ni ile ile, ila safari hii waliofika kwa jina la mtawala ni askari wenye farasi na mikuki. Picha hiyo ilipofika mikononi mwa Mfalme Mkuu Rudolf wa Pili, yeye mwenyewe akiwa wa ukoo wa Habsburg, watoto waliokuwa wakiuawa walifunikwa kwa rangi, wakageuzwa mabunda, vyakula, wanyama na ndege, na picha ya mauaji ikawa picha ya kijiji kinachoporwa. Hapo tunaona jinsi mambo yanavyofuatana. Kwanza mtu huandikwa kuwa nambari. Akishakuwa nambari ni rahisi kumfanya bunda. Na akishakuwa bunda hata mama anayemlilia huonekana mwenye wazimu, kwa kuwa atazamaye haoni anachokililia.

Isifahamike kutokana na maneno yangu kwamba nakebehi kuhesabiwa. Serikali isiyojua idadi ya watu wake haiwezi kujua ijenge skuli ngapi, ichimbe visima vingapi, wala ipeleke dawa wapi, na mimi mwenyewe karani wa sensa akibisha hodi humkaribisha kiti na maji ya kunywa. Nisemalo ni hili, kwamba hesabu ni nusu ya kazi, na Bruegel alichora nusu ya pili. Mtu akishaandikwa bado hajaonekana. Na anayetoka dirishani akiwa ametiwa daftarini sawasawa, jina, ukoo na mji wa asili, anaweza akatoka nje akalala zizini, kama alivyolala mwana wa familia hii, na daftari lisipungukiwe hata nukta.

Mwana wa Bruegel, Pieter Mdogo, aliyefiwa na babaye angali mtoto wa miaka mitano hivi, alikuja kuwa mchoraji, na katika karakana yake picha hii ya babake ilinakiliwa tena na tena. Nakala zinazojulikana hazipungui 13. Huwa nikifikiria karakana hiyo, vijana wamekaa kwenye vigoda, mmoja anachora theluji, mwingine anachora umati wa dirishani, na kila mara, katika kila nakala, lazima mmoja wao afike pale chini, aanze kuchora kofia pana na msumeno. Hakuna nakala inayokosa kuwa na familia hiyo, wala hakuna inayokosa kuifanya ipite bila kutazamwa.

Wasikilizaji wapenzi, wakati wetu unatupa mkono, na mimi sina fatwa ya kutoa. Atakayejaliwa kufika Brussels na aende akaitazame picha yenyewe, na nampa ushauri mmoja, asiingie akiitafuta familia. Aanze kwa kuwatazama wengine wote, mmoja mmoja, mchinjaji, mtoto, mkoma na yule mwanamke mwenye kikaango, na akimaliza kuwatazama kwa haki, Yusufu na Mariamu watamjia wenyewe. Sisi tusiojaliwa kusafiri tuna foleni zetu za kila siku, na ndani yake wako watu.

Na kwa ajili ya waliotaka kujua habari za yule fundi, deni lake la kitanda nimekwisha kulilipa. Aliniomba ukurasa ule niukate kitabuni, nikaukata. Ameutundika kwa misumari midogo minne juu ya meza yake ya kurandia, na kila anayekuja kuagiza mlango au kabati huambiwa kwanza amtafute fundi mwenziwe, na asiyempata hapewi bei.